Kimo Mara Kumi na Mbili: Tujenge Njia ya Kuingilia Dukani



Umejifunza kusoma na kuhesabu. Ukienda dukani unaweza kusoma bei iliyoandikwa ubaoni. Unaweza kuitazama mizani na kujua kama kilo yako imetimia. Hayo si mambo madogo. Mtu asiyejua mizani huibiwa huku anatazama.

Lakini yuko ndugu yetu anayejua kusoma kama wewe, na bado mizani haioni. Macho yake ni mazima. Ila miguu yake haimchukui, naye hutembelea baiskeli ya miguu mitatu. Duka lina baraza refu na ngazi mbili. Basi hubaki nje juani, akaita: "Kaka, nipimie sukari nusu kilo!" Sukari hupimwa ndani. Yeye huletewa mfuko uliokwisha kufungwa. Atajuaje kama ni nusu kilo? Bei mpya ameisomea wapi?

Kisomo kimemfikisha mpaka mbele ya ngazi, na hapo kikakwama. Hata kwenye ghala la chama cha msingi ni vilevile. Mkulima huyo amelima na amevuna, lakini mazao yake yanapimwa na watu wengine, yeye akiwa uani.

Leo tutajifunza namna ya kujenga njia ya mteremko ya zege, yaani njia isiyo na ngazi, kutoka chini hadi kwenye baraza la duka. Somo hili lina hesabu kidogo. Tafadhali chukua daftari na kalamu.

NI NANI WANAOIHITAJI?

Mtu atasema: "Kijijini kwetu mwenye kiti cha magurudumu ni mmoja tu." Haya, tuhesabu pamoja. Yuko bibi anayetembelea mkongojo. Yuko mama mjamzito. Yuko mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo kichwani. Yuko aliyevunjika mguu na sasa anatumia magongo. Yuko asiyeona, ambaye hupapasa njia kwa fimbo nyeupe. Na mwenye duka mwenyewe je? Magunia yake yanafika kwa mkokoteni, kisha yanabebwa mgongoni kupanda ngazi. Kama pana mteremko mzuri, mkokoteni huingia mpaka mlangoni.

Wazee walisema: hujafa hujaumbika. Leo unapanda ngazi mbili kwa hatua moja. Kesho hujui. Njia hii si sadaka kwa mtu fulani. Ni njia yetu sote.

MTEREMKO MFUPI NI HATARI

Sasa tufike kwenye jambo kubwa la somo hili. Wako wenye maduka wema ambao tayari wamejenga mteremko. Lakini wengi wamejenga kwa kukisia. Fundi alikuwa na saruji iliyobaki, akaimwaga mbele ya ngazi, kazi ikaisha. Mteremko huo ni mfupi na mkali. Ukiutazama unasema, "Afadhali kuliko ngazi." Hapana. Mara nyingi ni mbaya kuliko ngazi. Ngazi inamwambia mtu mapema kwamba hapiti. Mteremko mkali unamkaribisha, kisha unamwangusha.

Tuone sababu yake kwa hesabu. Tuchukue mtu wa kilo 60 na kiti chake cha kilo 20. Jumla ni kilo 80. Baraza lina kimo cha sentimita 40. Fundi amejenga mteremko wenye urefu wa sentimita 160. Gawanya 160 kwa 40. Unapata 4. Maana yake mtu anapanda sentimita 1 kwa kila sentimita 4 anazokwenda mbele. Ili asirudi nyuma, mikono yake lazima izuie uzito wa karibu robo ya kilo 80. Robo ya 80 ni 20. Hizo ni sawa na ndoo ya maji iliyojaa, ya lita 20. Anaivuta kwa mikono, huku kiti kinataka kupinduka kinyumenyume.

Sasa tuurefushe mteremko uwe sentimita 480. Gawanya 480 kwa 40. Unapata 12. Uzito wa kuzuia sasa ni 80 gawanya kwa 12, yaani karibu kilo 7. Ni kama theluthi moja tu ya ndoo ile. Mtu mwenye mikono yenye nguvu anaweza kupanda mwenyewe. Kama mikono yake ni dhaifu, hata mtoto wa shule anaweza kumsukuma.

Kwa hiyo kanuni yetu ni hii. Iandike kwenye daftari:

KIMO MARA 12 = UREFU WA MTEREMKO

Kanuni hii inatumika katika nchi nyingi duniani. Usipunguze chini ya 12. Ukiwa na nafasi, ongeza. Mara 15 au mara 20 ni rahisi zaidi kupanda.

Mafundi wengi wanapima kwa futi na inchi. Kwao kanuni ni nyepesi mno, kwa sababu futi 1 ina inchi 12. Kila inchi 1 ya kimo inataka futi 1 ya urefu. Baraza la inchi 10 linataka mteremko wa futi 10. Basi.

Hapa chini tumekuwekea hesabu zilizokwisha kufanywa.

Kimo sm 10: urefu sm 120
Kimo sm 15: urefu sm 180
Kimo sm 20: urefu sm 240
Kimo sm 30: urefu sm 360
Kimo sm 40: urefu sm 480
Kimo sm 50: urefu sm 600

NAMNA YA KUPIMA KIMO

Usipime kimo pale ukutani tu. Ardhi ya mbele ya duka mara nyingi si tambarare. Huenda inashuka kuelekea barabarani. Kimo tunachokitaka ni kile cha mahali mteremko utakapoishia.

Fanya hivi:

1. Pima kimo cha baraza pale ukutani. Tuseme ni sentimita 30. Zidisha kwa 12. Unapata 360. Pima sentimita 360 kutoka barazani, ukapige kigingi hapo.

2. Tumia mpira wa maji wa fundi. Ni mpira mwembamba unaoonyesha ndani. Ujaze maji, usiache mapovu. Mtu mmoja ashike ncha moja barazani, mwingine ashike ncha ya pili kwenye kigingi. Maji hutulia usawa mmoja pande zote mbili. Weka alama kwenye kigingi penye usawa wa sakafu ya baraza.

3. Pima kutoka kwenye alama mpaka chini. Ikiwa ni sentimita 30, vizuri. Ikiwa ni sentimita 35, ardhi inashuka. Kimo chako cha kweli ni 35. Zidisha tena: 35 mara 12 ni 420. Sogeza kigingi, upime tena. Rudia mpaka hesabu itulie.

Kama nafasi ya mbele haitoshi, mteremko si lazima uelekee barabarani. Unaweza kuupitisha kando, sambamba na ukuta wa baraza. Ukitaka kukata kona, weka hapo jukwaa tambarare la sentimita 150 kwa 150, ili kiti kiweze kugeuka. Na mteremko ukizidi urefu wa mita 9, weka jukwaa kama hilo katikati, mtu apumzike.

Mambo mengine ya kupima ni haya. Upana wa kupita uwe sentimita 120. Pakiwa pembamba sana, usiende chini ya sentimita 90. Juu, mbele ya mlango, pawe na mahali tambarare pa sentimita 150 kwa 150. Mtu hawezi kufungua mlango huku kiti chake kinarudi nyuma. Mlango wenyewe uwe na nafasi ya sentimita 80 au zaidi, na kizingiti kisizidi sentimita 2. Kizingiti kirefu kinaweza kuharibu kazi yote.

KABLA YA KUMWAGA ZEGE

Kabla hujanunua saruji, mwite yule atakayeitumia njia. Mwonyeshe vigingi. Muulize: "Ndugu, utaingilia upande gani? Baiskeli yako ina upana gani? Utageukia wapi?" Baiskeli ya miguu mitatu ni ndefu kuliko kiti cha kawaida, nayo inataka nafasi kubwa ya kugeuka. Huyo ndiye mkaguzi wa kazi yako. Kuuliza si ujinga.

Kisha andaa mahali. Ondoa udongo wa juu wenye majani na mizizi. Jenga kuta fupi za mawe pande mbili. Katikati jaza mawe na changarawe, tabaka kwa tabaka. Kila tabaka lisizidi sentimita 15. Linyunyizie maji kidogo na ulishindilie vizuri. Kifusi kisichoshindiliwa hutitia baadaye, na zege hupasuka.

Tabaka la zege juu ya kifusi liwe na unene wa sentimita 10. Angalia hasa ncha ya chini. Mafundi wengine huiacha ncha hiyo iwe nyembamba kama ulimi. Ulimi huo huvunjika mapema, na hapo panabaki kijishimo na kidato. Gurudumu dogo la kiti hukwama papo hapo. Chimba ncha ya chini ili zege liingie ardhini na unene ubaki sentimita 10 mpaka mwisho.

HESABU YA VIFAA

Tuchukue mfano wetu wa kimo cha sentimita 30, ardhi ikiwa tambarare. Urefu ni mita 3.6. Upana wa kupita ni mita 1.2, na kila upande tunaongeza ukingo wa upana wa sentimita 10. Upana wote ni mita 1.4.

Tabaka la zege: 3.6 mara 1.4 mara 0.1 = meta za ujazo 0.504.
Kingo mbili za sentimita 10 kwa 10: 0.1 mara 0.1 mara 3.6 mara 2 = meta za ujazo 0.072.
Jumla = meta za ujazo 0.576.

Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50, ukichanganywa kwa kipimo cha 1:2:4, hutoa zege la meta za ujazo 0.15 hivi. Gawanya 0.576 kwa 0.15. Unapata 3 na kitu. Nunua mifuko 4 kwa zege. Ongeza mfuko wa 5 kwa ajili ya kuta za mawe na upungufu mwingine.

Kipimo cha 1:2:4 maana yake ni saruji 1, mchanga 2, kokoto 4. Kwa ndoo za lita 20, mfuko mmoja wa saruji unataka:

Mchanga ndoo 3 na nusu.
Kokoto ndoo 7.
Maji ndoo 1 na robo. Kama mchanga una unyevu, punguza.

Mchanga uwe safi. Ufikiche mkononi. Ukiacha tope kiganjani, uoshe kwanza. Maji nayo yawe safi, yasiwe ya chumvi.

Changanya mchanga na saruji vikiwa vikavu mpaka rangi iwe moja. Tia kokoto, changanya tena. Mwisho ndipo utie maji kidogo kidogo. Hapa vibarua hupenda kuzidisha maji ili koleo lipite kwa urahisi. Wakataze. Zege la majimaji ni rahisi kumwaga lakini ni dhaifu likikauka. Ukilifinya mkononi lishikane, lisitiririke. Na zege ulilochanganya litumie kabla halijaanza kukaza, lisikae hata saa moja.

KUMWAGA NA KUTENGENEZA UPANDE WA JUU

Weka mbao pande mbili za kuzuia zege. Panga mbao hizo kwa mteremko uliopima. Pale mteremko unapokutana na baraza, weka karatasi nene au ubao mwembamba katikati, ili vitu viwili hivyo visivutane na kupasuana. Usawa wao uwe mmoja. Kusiwe na kidato.

Lowesha kifusi. Mwaga zege, lishindilie hasa pembeni, kisha lisawazishe kwa ubao. Kila baada ya mita 1.2 chora mkato kukingama njia kwa ncha ya mwiko, wenye kina cha sentimita 2 na nusu. Zege likitaka kupasuka litapasuka ndani ya mkato, siyo ovyo. Kwa mfano wetu wa mita 3.6 unahitaji mikato 2.

Sasa sikiliza vizuri. Wenye maduka hupenda sakafu inayong'aa. Fundi hupiga niru, akasugua kwa mwiko mpaka mtu anaweza kujitazama. Ndani ya nyumba ni uzuri. Kwenye mteremko ni mtego. Mvua ya kwanza ikinyesha, bibi wa mkongojo atateleza. Usipige niru. Zege likianza kukaza, pitisha ufagio mgumu juu yake kukingama njia, kutoka ukingo hadi ukingo. Mistari ya ufagio ndiyo itakayoshika viatu na magurudumu.

Jenga kingo mbili za pembeni, kimo sentimita 10. Kazi yake ni kuzuia gurudumu na fimbo nyeupe visitoke nje ya njia.

Kimo cha mteremko kikizidi sentimita 15, weka na vishikio vya mkono pande zote mbili, kimo sentimita 85 hadi 95. Bomba la chuma linafaa. Mti mgumu uliosuguliwa vizuri unafaa pia. Unene wake uwe wa kuenea kiganjani, sentimita 4 au 5. Vishike kwa zege chini, visitikisike. Kishikio kinachotikisika ni cha uongo.

ZEGE LINATAKA MAJI

Kazi imeisha? Bado. Zege halikomai kwa kukaushwa na jua. Linakomaa kwa kupata maji. Lifunike kwa magunia au nyasi, ulimwagilie asubuhi na jioni kwa siku 7. Siku zote hizo magunia yasikauke. Mtu asikanyage siku 2 za kwanza. Mikokoteni ya mizigo isubiri baada ya siku 7. Nguvu yake hasa hupimwa baada ya siku 28. Zege lililoachwa juani bila maji huchubuka na kutoa vumbi, na saruji yako imepotea bure.

UKAGUZI WA UBAO

Iko njia rahisi ya kukagua mteremko wowote, mpya au wa zamani. Chukua ubao ulionyooka wenye urefu wa sentimita 120. Ulaze juu ya mteremko, kwenda juu. Weka pimamaji juu ya ubao. Inua ncha ya chini mpaka povu la pimamaji likae katikati. Sasa pima nafasi iliyopo kati ya ncha hiyo ya ubao na zege.

Ikiwa ni sentimita 10 au pungufu, mteremko ni mzuri, kwa sababu 120 gawanya kwa 10 ni 12.
Ikiwa ni sentimita 15, ni mkali. Mtu atahitaji kusukumwa.
Ikiwa ni sentimita 20 au zaidi, ni hatari. Ubomolewe au urefushwe.

Ukaguzi huu unachukua dakika chache tu. Fanya hivyo pia wakati mbao zimewekwa, kabla zege halijamwagwa. Kosa la mbao hurekebishwa kwa nyundo. Kosa la zege hurekebishwa kwa sururu.

NJIA YA KUTOKA BARABARANI

Mteremko mzuri unaozungukwa na matope haumsaidii mtu. Tengeneza na njia ya kutoka barabarani mpaka hapo. Upana wa sentimita 150 unatosha watu wawili kupishana. Njia ilale upande mmoja kidogo, sentimita 2 kwa kila mita ya upana, ili maji yatoke. Isilale zaidi ya hapo, maana kiti kitavutwa pembeni. Maji ya paa yasimwagike juu ya njia. Weka mfereji wa bati.

Kama kuna mtaro, uwekee kifuniko cha zege. Mianya ya kifuniko isizidi upana wa kidole, maana gurudumu la mbele la kiti ni jembamba na huzama.

Halafu njia ibaki wazi. Tumeona njia nzuri zilizogeuzwa mahali pa kupanga madumu, matenga ya nyanya na pikipiki. Asiyeona hujikwaa. Mwenye kiti hurudi nyumbani. Mwenye duka, panga bidhaa zako barazani upande mwingine.

GHARAMA NA SHERIA

Mwenye duka atauliza: "Gharama nani atalipa?" Ni swali la haki. Duka ni la biashara, na mlango wake ni wa kupokelea wateja. Kwa hiyo mzigo wa kwanza ni wake, na faida ya kwanza ni yake pia. Mteja anayeingia hununua kuliko anayeita kutoka nje. Majirani wanaweza kusaidia kusomba mawe na mchanga. Kama ndiyo kwanza unajenga duka, pima mteremko kwenye mchoro kabla hujaweka msingi. Wakati huo ni rahisi mno.

Tena jambo hili si hisani tu. Mwaka 2006 Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Kifungu cha 9 cha mkataba huo kinazitaka nchi zihakikishe kwamba hata watu binafsi wanaotoa huduma kwa umma wanajali namna watu wenye ulemavu watakavyozifikia. Mwaka 2010 Tanzania ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Basi ndugu yetu akiomba njia ya kuingilia dukani au ghalani, haombi upendeleo. Anaomba haki yake, kama wewe unavyodai chenji yako.

MANENO YA KUKUMBUKA

Zege: mchanganyiko wa saruji, mchanga, kokoto na maji.
Kimo: kutoka chini kwenda juu.
Kifusi: mawe na changarawe za kujazia.
Kushindilia: kugonga kitu mpaka kishikamane.
Kizingiti: kidato cha chini ya mlango.

MASWALI

1. Baraza la duka lina kimo cha sentimita 25. Urefu wa mteremko uwe sentimita ngapi? Ni mita ngapi?
2. Umetumia ubao wa sentimita 120 kukagua mteremko. Nafasi uliyopata ni sentimita 12. Je, mteremko huo unatimiza kanuni?
3. Una mifuko 3 ya saruji. Kwa kipimo cha 1:2:4, utahitaji ndoo ngapi za mchanga na ngapi za kokoto?
4. Kwa nini hatupigi niru juu ya mteremko?
5. Kwa nini mteremko mfupi unaweza kuwa mbaya kuliko ngazi?

Majibu ya hesabu: (1) Sentimita 300, yaani mita 3. (2) Hapana. 120 gawanya kwa 12 ni 10, na sisi tunataka 12. (3) Mchanga ndoo 10 na nusu, kokoto ndoo 21.

KAZI YA KIKUNDI

Wiki hii kikundi chenu kichague mahali patatu: duka, mashine ya kusaga na ghala la mazao. Omba ruhusa kwa mwenyewe. Pimeni kimo cha baraza, upana wa mlango na kimo cha kizingiti. Andikeni kwenye daftari. Palipo na mteremko, ukagueni kwa ubao. Msiende peke yenu. Nendeni na wale wanaobaki nje, na wao ndio washike daftari. Kisha mpelekee mwenye duka hesabu yake kwenye karatasi: kimo, urefu, mifuko ya saruji, ndoo za mchanga na kokoto. Akiona hesabu imekamilika, atajua mmekuja kwa kazi.

Siku zege likikomaa, mwacheni yule ndugu wa baiskeli ya miguu mitatu aingie mwenyewe mpaka kaunta, akasimamie nusu kilo yake ya sukari kwenye mizani.